Baiskeli Iliyolazwa Darajani

Mwenda pole hajikwai, wanasema. Marehemu alikwenda mbio miaka yote bila kujikwaa hata ukucha, akafa siku aliyosimama.

Walimkuta chini ya daraja la mbao, pale njia ya baiskeli inapovuka kijito kabla ya kuzama kwenye miti. Kisogo kilikuwa juu ya jiwe, miguu majini. Waliomwona kwanza ni kundi la wastaafu waliokuwa wakizuru vijia vya kitongoji hicho kwa baiskeli za umeme, kila Jumamosi kijia kipya, chai kwenye chupa na soga njia nzima. Asubuhi hiyo soga ziliwakauka. Walikaa majanini wamezipakata kofia zao ngumu, hakuna aliyekumbuka chai.

Inspekta aliwapa pole, akawapita, akashuka kijitoni. Kituoni mwanamke huyu walimwita Kobe. Wengine walisema ni kwa sababu ya mwendo wake. Wengine, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akirudi kinyumenyume.

"Ajali hii, Afande," alisema Koplo, kijana mwenye maneno mengi kuliko usingizi. "Kaegemea ukingo apige picha ya ndege. Ndege kaondoka, na yeye kaondoka."

Mkuu wa kituo naye alikuwa ameshapiga simu. Njia ile ndiyo iliyowaletea wageni, alisema. Iandikwe ajali na daraja lifunguliwe kabla jua halijapanda. Inspekta alimjibu "Sawa, mkuu," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali kitu.

Alimwinamia marehemu. Mtu aliyeinama kupiga picha huanguka kifudifudi. Huyu alianguka chali, na simu yake ilikuwa bado mfukoni, zipu imefungwa.

Kisha akapanda darajani kuitazama baiskeli yake ya umeme. Haikuwa imeanguka. Ilikuwa imelazwa, taratibu, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi: ubavu wa kushoto chini, mnyororo na gia juu, visiguse mbao. Kioo kidogo cha usukani, kile kinachoonyesha mwendo na chaji, kilikuwa cheusi. Akabonyeza kitufe kwa ncha ya kalamu. Kikawaka. Betri ilikuwa karibu kujaa.

"Koplo, mtu anayeanguka huzima kwanza baiskeli yake?"

"Labda aliizima, ndipo akaanguka."

"Labda," alisema Inspekta, akaamuru utepe ufungwe pande zote mbili za daraja.

Mjane alimpokea sebuleni, kanga ya nyumbani ikiwa bado begani. Ukutani kulitundikwa medali za mbio, na chini yake ulikuwepo mchirizi mrefu mweusi uliokwangua rangi. Inspekta aliuliza mchirizi ule umetoka wapi. Mjane akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio. Ni baiskeli, alisema. Kila akirudi aliibwaga pale, na kila siku waligombana. Kuizima ndiyo kabisa hakujua. Yeye mkewe ndiye aliyekuwa akienda kuizima, la sivyo kufika asubuhi betri ilikuwa imelala.

"Ni nani mwingine anayeigusa?"

"Nani tena? Mimi na fundi wake. Yule mwanamke wa mwisho wa njia."

Mlangoni alimshika Inspekta mkono wa koti.

"Mama, kama yupo aliyekuwa naye pale, aje aniambie tu. Sitaki kingine. Aje anitazame, aseme neno moja."

Inspekta hakumwahidi. Alikuwa na miaka mingi kazini na alishajua bei ya ahadi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, baiskeli zimening'inizwa darini kama mikungu ya ndizi. Mwenyewe walimwita Mama Spana. Alikuwa mwembamba, mikono yake mikubwa kupita mwili, na alikuwa akikaza tairi bila kulitazama. Nyuma ya pazia lililosogezwa nusu kulikuwa na kitanda. Msichana mdogo alilala juu yake, macho wazi, amegeuziwa upande wa mlango ili aone watu. Nywele zake zilisukwa vizuri, kila msuko ukimalizikia na ushanga wa kijani. Msuko mmoja tu ulikuwa mtupu.

Koplo, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alinyamaza ghafla na kuanza kuvichunguza viatu vyake.

Inspekta aliuliza habari za mtoto. Aligongwa njiani, alisema Mama Spana, akimletea mama yake chakula. Tangu siku hiyo hajanena neno. Daktari anasema labda. Amekuwa akisema labda hadi neno lenyewe limeisha ladha. Aliyajibu hayo kwa sauti tambarare, akifuta mikono kwa kitambaa, na alipoulizwa kama anamfahamu marehemu alisema ni mteja kama wateja wengine.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mwenye mgonjwa ana wapi pengine?"

"Nani anaweza kushuhudia?"

Mama Spana alitupa jicho nyuma ya pazia. "Huyo. Muulize."

 Inspekta alimgeukia Koplo, akamwagiza ailete baiskeli ya marehemu waliyoipakia kwenye gari. Walikuwa wameshapatana njiani la kufanya. Koplo aliiingiza ikiwa imewaka, akaibwaga sakafuni, gia chini, chuma kikalia juu ya saruji.

Inspekta hakuitazama baiskeli. Alimtazama mwanamke.

Mama Spana alikunja uso kama aliyepigwa yeye. Alijizuia, ilionekana wazi namna alivyojizuia. Lakini mwili una akili yake. Alipiga hatua, akaiinua kwa mkono mmoja, akaigeuza, akailaza ubavu wa kushoto, mnyororo juu. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Kioo kikawa cheusi.

"Gia hizo ni laini," alimkaripia Koplo. "Mtalaza hivyo hata mayai."

"Ndivyo tulivyoikuta darajani," alisema Inspekta. "Hivyohivyo. Imezimwa, imelazwa gia juu. Mwenyewe alikuwa akiibwaga ukutani kwake, na hakuwahi kuizima hata siku moja. Mkewe hakutoka nyumbani. Nani amebaki?"

Nje waendesha baiskeli walipita, kengele zao zikilia moja moja kwenye kona. Mama Spana aliitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, kama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni.

"Hii," alisema. "Hii haijui kunyamaza."

Inspekta alimkumbusha kwamba ana haki ya kutosema lolote mpaka apate wakili. Mama Spana alitikisa kichwa. Amenyamaza vya kutosha, alisema, na nyumba ile tayari ina mmoja asiyesema.

Akaeleza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya mguu wa mtoto. Marehemu alimjia zamani akitaka baiskeli yake ifunguliwe kidhibiti mwendo, awapite wenzake wote njia nzima. Ni kazi ngumu na imekatazwa. Aliifanya, na alijivunia. Kisha mtoto akagongwa, na aliyemgonga hakusimama. Siku chache baadaye mteja wake akaleta baiskeli, gurudumu la mbele limepinda. Alisema amegonga mbwa.

"Nikafungua madigadi, lile bati la kukinga tope," alisema Mama Spana. Akavuta kopo la nati na skrubu, akachokoa, akatoa ushanga mmoja wa kijani. "Ulikuwa umenasa humo. Niambie, mama, ni mbwa gani anayesuka nywele?"

Akaufumbata kiganjani.

"Nilikwenda kituoni kwenu. Nikaambiwa baiskeli haina pleti, mama, tumtafute nani? Na ushanga, nikaambiwa, unauzwa kila duka." Hakumtazama Koplo, na Koplo aliona afadhali angemtazama.

"Ndipo ukamuua."

"Ndipo nikamwomba. Tofautisha." Kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Nilimwambia breki zake zina kasoro, asimame darajani asubuhi nimpe kifaa. Akasimama. Akakaa kwenye ukingo, akanyoosha miguu. Nikafungua kiganja nikamwonyesha. Nikamwambia sitaki polisi, sitaki mali yako. Njoo nyumbani uketi kwenye kigoda, umtazame mwanangu, umwambie samahani. Nilidhani, sijui nilidhani nini. Nilidhani pengine akilisikia neno hilo naye atasema."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nikisema samahani si nitakuwa nimekiri? Mfundishe mwanao kutazama njia.' Halafu akaniuliza breki zitakuwa tayari lini."

Mikono yake ilijinyanyua kidogo kutoka kitandani, viganja mbele, ikarudi.

"Nilimsukuma. Kisha nikaona baiskeli yake imebwagwa, taa inawaka. Nikailaza vizuri. Sijui kwa nini. Nilikuwa nalia na mikono inafanya kazi."

Mama mdogo wa msichana aliitwa, akafika mbiombio. Mama Spana alimwonyesha namna ya kumgeuza, upande gani mto, sufuria gani ya uji. Kisha akauinua ule msuko mtupu akitaka kuurudishia ushanga. Inspekta akamnyooshea mfuko wa ushahidi. Mama Spana alikaa na ushanga kiganjani muda mrefu kabla ya kuudondosha ndani. Macho ya msichana yalifuata kila kitu. Mdomo wake haukutikisika.

Katika chumba cha mahojiano, maelezo yalipokwisha kuandikwa, Inspekta aliweka kalamu chini. Sasa hakuzungumza kama askari. Alimweleza kwamba mjane yupo nje kwenye benchi, na hakimu hupima majuto. Akimwomba yule mwanamke radhi, na ikaandikwa, huenda miaka ikapungua.

"Kila mwaka unaopungua ni wa mwanao, dada. Neno moja tu."

Mama Spana aliutazama mlango. Kupitia kioo kidogo aliweza kuona bega la mjane, na kanga.

"Huyu mwanangu namwomba samahani kila jioni," alisema. "Ile kasi niliifungua mimi. Nitamwomba mpaka nife. Lakini yule?" Akaisukuma karatasi irudi upande wa Inspekta. "Andika nilimwita. Andika nilimsukuma, kwa mikono miwili, nikiwa na akili zangu. Samahani usiandike. Mumewe alikuwa nayo mdomoni akanibania. Mimi sina, na hata ningekuwa nayo, nisingeitoa."