Ng'ombe wa Biringanya

Sogeeni karibu, watoto. Leo nawasimulia habari za Kozue.

Kozue alikuwa na miaka sita. Alikaa Japani, katika mji mdogo kando ya bahari. Huko samaki walianikwa kwenye kamba, kama nguo.

Kozue aliishi na Mama. Kabla ya hapo aliishi na Mama na Bibi.

Bibi yake, Bibi Fusae, alikuwa mzamiaji. Alizama baharini bila mtungi wa hewa, akabandua chaza miambani. Akiibuka, alipumua kwa mluzi.

Fyuuu.

Kozue alisimama juu ya mawe, akisikiliza. Fyuuu. Hapo alijua Bibi yupo.

Majira ya baridi, Bibi aliugua. Maua ya kwanza yalipochanua, Bibi alikufa.

Nyumba ikawa kimya. Mama alipika, akafua, akaenda kazini. Mama hakulia. Wala hakumtaja Bibi.

Kisha joto likaja. Nyenje wakalia mitini. Miiin, miiin. Watu wakatundika taa za karatasi mtaani, na ngoma ikaanza. Du, du, du.

Ilikuwa sikukuu ya Obon.

Mama alimweleza Kozue kwamba katika siku hizi nne, waliokufa hurudi nyumbani kukaa na watu wao. Mlangoni kwao akatundika taa nyeupe. Taa nyeupe ni ya nyumba iliyofiwa mwaka huo.

Kozue alitazama mtaa mzima. Taa nyeupe ilikuwa moja tu.

Mama akampa tango na vijiti vinne. Kozue akachomeka vijiti. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Tango likawa farasi. Farasi ana mbio, angemleta Bibi upesi.

"Njoo mbio, Bibi," Kozue akanong'ona. "Mbio, mbio, mbio."

Jioni wakawasha moto mdogo mlangoni, ili Bibi aione njia. Moshi ukapanda. Kozue akatega sikio.

Hakusikia fyuuu. Hakuona mtu akiingia.

Mama akasema Bibi ameshafika, ila macho yetu hayamwoni. Kozue akautazama mto wa kukalia wa Bibi. Ulikuwa mtupu. Hata hivyo, akauinamia kwa adabu, akamkaribisha Bibi ndani.

Siku ya pili alimpa Bibi habari zote. Jino lake limeng'oka. Paka wa bandarini amezaa. Mama siku hizi anaunguza wali.

Siku ya tatu alimwekea kipande cha tikiti maji mbele ya picha yake. Mchana akalala kando ya ule mto, akalala vizuri sana.

Siku ya nne Mama alitoka sokoni na biringanya.

Alimwambia Kozue atengeneze ng'ombe. Farasi ni wa kumleta Bibi. Ng'ombe ni wa kumrudisha. Na Bibi alikuwa anarudi jioni ile ile.

Kozue akalipokea biringanya. Hakutengeneza ng'ombe.

Alinyata mpaka mlangoni. Nya, nya, nya. Akalisukumiza ndani ya gambuti lake, chini kabisa, penye vidole.

Bila ng'ombe, Bibi atakwendaje?

Jua likaanza kushuka. Mama akatafuta biringanya. Jikoni halipo. Mezani halipo. Nje ngoma ililia. Du, du, du. Majirani walipita na taa zao, wakielekea ufukweni.

Bi Sugino, aliyekuwa akizama pamoja na Bibi, alichungulia mlangoni na kuuliza kama wako tayari. Mama akamwomba atangulie.

Kisha Mama akamgeukia Kozue, akamwuliza biringanya liko wapi.

Kozue akatazama vidole vya miguu yake.

"Sitaki aende," akasema.

Akangoja kugombezwa. Lakini Mama hakugomba. Mama aliketi chini, pale pale sakafuni.

"Hata mimi sitaki," Mama akasema. "Leo sokoni nililishika biringanya, nikalirudisha. Nikalishika tena, nikalirudisha. Mara tatu, Kozue."

Machozi yakamtoka Mama. Yalitoka mengi, kama yaliyokuwa yakingoja tangu maua ya kwanza.

Kozue hakuwahi kumwona Mama akilia. Akamtazama. Na hapo akawaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza.

Bibi alikuwa mama yake Mama.

Kozue akamkumbatia Mama shingoni. Wakalia pamoja, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, mpaka ngoma ya mtaani ikanyamaza.

"Mama," Kozue akauliza, "huyo ng'ombe anakwenda polepole?"

"Polepole sana," Mama akasema, akijifuta uso. "Husimama akala majani. Husimama tena akatazama nyuma."

Kozue akafikiri. Akaenda mlangoni, akaingiza mkono ndani ya gambuti. Biringanya lilikuwa limebonyea ubavuni. Lilinuka miguu kidogo.

Akachomeka vijiti. Kimoja, viwili, vitatu. Cha nne akakivunja kwanza, kikawa kifupi. Ng'ombe akasimama upande.

Kozue akamweleza Mama kwamba huyu ng'ombe anachechemea. Atachelewa kuliko ng'ombe wote. Wakamweka mbele ya picha ya Bibi, wakaenda ufukweni.

Huko taa za kuwasindikiza waliokufa zilikuwa zimejaa majini, zikielea. Mama aliiwasha taa ya Bibi. Kozue akaiweka juu ya maji.

Shwaaa. Wimbi likairudisha miguuni pake.

Akaisukuma. Shwaaa. Ikarudi tena.

Mama akamwuliza kama amsaidie. Kozue akatikisa kichwa. Akaingia majini mpaka magotini, ameishika taa kwa mikono miwili. Hapo sasa alipaswa kuiachia, na vidole vilikataa.

Alisimama hivyo kwa muda mrefu. Bi Sugino alisimama nyuma yake. Mama alisimama nyuma yake. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha Kozue akafungua vidole.

"Nenda polepole, Bibi. Pole, pole, pole."

Taa ikaenda. Ikayumba, ikasimama, ikaenda tena. Ikajichanganya na taa nyingine, mpaka Kozue asijue tena ipi ni ya Bibi.

Wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Kozue akalia tena kidogo njiani. Mama akamwacha alie.

Wakati wa kulala, Mama alitandika godoro lake kando ya godoro la Kozue. Kozue akamwuliza Bibi alikuwaje zamani, Mama alipokuwa mdogo.

Mama akamfunika shuka. Kozue akadhani hatajibu.

Lakini Mama alianza kusimulia. Alisema siku moja Bibi aliibuka kutoka baharini na pweza mzima kichwani, amemng'ang'ania kama kofia. Yeye Mama, wakati huo mtoto wa miaka sita, aliona zimwi linatoka majini. Akatimua mbio. Bibi akamfuata nyuma, mikono minane ya pweza ikimpigapiga mashavuni, akimwita, "Ni mimi, mwanangu, ni mama yako." Na yeye akazidi kukimbia, mpaka sokoni.

Kozue akacheka. Mama naye akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo. Ndani ya nyumba ile hakikuwa kimesikika kicheko tangu majira ya baridi.

"Nyingine," Kozue akasema.

Mama akaanza nyingine. Ilikuwa habari ya Bibi na mwavuli uliopeperuka.

Mwavuli haujafika hata juu ya paa, Kozue akasinzia. Mama aliona. Hata hivyo hakuacha. Aliisimulia yote, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho.