Blanketi la Gatwiri

Kila asubuhi, baada ya kukama, Gatwiri hufuta gari dogo la umeme kwa kitambaa chenye maji moto. Huanza na vioo, kisha taa, kisha magurudumu. Mwanawe Kinoti alinunua gari hilo ili baba yake, mzee Muthamia, afikishwe Meru kila Jumanne na Ijumaa. Huko hospitalini mzee husafishwa damu, maana figo zake zimechoka.

Lakini tangu manyunyu ya Julai yaanze hapa Githongo, gari lilikuwa linakataa chaji. Kinoti analiunganisha, taa ya chaja inakuwa kijani. Baada ya nusu saa inageuka nyekundu. Ijumaa walikodi gari la jirani wakafika wamechelewa. Nesi aliwaambia, "Mkichelewa tena, kitanda atapewa mwingine."

Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, Kinoti alikuwa ametoka kujaribu kuchaji tena, na betri ilikuwa imebaki asilimia kumi.

"Nitalirudisha kwa aliyeniuzia," Kinoti alisema.

"Liache," Muthamia alimjibu akiota moto. "Mimi na hilo gari tuna ugonjwa mmoja."

Gatwiri hakucheka. Alichukua simu akampigia Zuleka, fundi aliyeweka umeme kwenye kiwanda cha kahawa.

Zuleka alifika na mkoba wake. "Shosho, hatuanzi na gari," alimwambia Gatwiri, kama mjukuu kwa bibi yake. "Tunaanza umeme unakotoka."

Alichomeka simu yake kwenye soketi ya sebuleni. Simu ikaingia chaji. "Soketi inafanya kazi." Akazima swichi, akakausha mikono, ndipo akachomoa waya mrefu uliokwenda nje. Ulikuwa mwembamba, na nusu yake imeviringwa kama kamba ya ng'ombe. Akamwambia Gatwiri aushike.

"Una joto," Gatwiri alisema.

"Huu ni wa redio, sio wa gari. Gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi. Waya kama huu unaweza kuchoma nyumba. Na chaja iko wapi?"

Kinoti alionyesha nje kando ya ukuta, lakini hapo palionekana gunia la kahawa tu. Zuleka akalifunua. Chini ya gunia kulikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi, kisanduku cha chaja.

"Nani amekilaza hivi?"

"Mimi huacha kikiwa wazi," Kinoti alisema.

Gatwiri alitazama viatu vyake. "Ni mimi. Kila akiingia ndani, nakifunika; akikaribia kutoka, nakifunua. Niliogopa kitanyeshewa, tukose kumpeleka mzee."

Zuleka hakumgombeza. Alichungulia jikoni, akaona kikapu kikubwa kilichoshonewa matambara ndani. "Shosho, kile kikapu ni cha nini?"

"Cha githeri, mahindi na maharagwe. Ikichemka naitoa motoni naifunika humo. Inaendelea kuiva yenyewe."

"Kwa nini haipoi?"

"Si blanketi linashika joto?" Gatwiri akajishika shavu. "Kumbe nimekuwa nikipika chaja."

"Chaja ikifanya kazi inatoa joto," Zuleka alisema. "Inataka hewa. Joto likizidi inajizima isiungue, ndiyo ile taa nyekundu. Haijaharibika, inajilinda."

"Na mvua?"

"Tutaijengea paa, sio kuivalisha nguo."

Hawakungoja. Kinoti alipigilia kipande cha bati ukutani, pande zote wazi. Zuleka alivuta waya mnene kutoka kwenye boksi la umeme, wa gari peke yake, wenye swichi yake inayojizima umeme ukizidi. Akafunga soketi yenye kifuniko cha kuzuia maji, na chaja ikaning'inizwa kwenye msumari chini ya bati. "Kazi hii ni ya fundi," alimwonya Kinoti. "Usijaribu mwenyewe."

Saa sita mchana taa ilikuwa kijani. Gatwiri aliweka kigoda karibu, akachambua maharagwe huku akiitazama. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Manyunyu yaligonga bati, na taa ikabaki kijani.

Jumanne kulipokucha, betri ilikuwa imejaa. Walifika Meru kabla nesi hajafungua daftari, na kitanda cha Muthamia kilikuwa kinamngoja.

Wakati wa kurudi, Gatwiri alitoa lile blanketi kwenye kikapu chake cha safari, limefuliwa na kukunjwa. Alisita, akamtazama mumewe.

"Mimi nifunike tu, Mama Kinoti," Muthamia alisema. "Nikipata joto, sijizimi."

Akamfunika mpaka kidevuni.