Picha Ambayo Babu Hakuitoa

Kila Jumamosi asubuhi, Kidoti na bibi yake walifuta vumbi chumbani kwa marehemu babu. Babu alikuwa mpiga picha wa habari za vita, na kuta zilijaa kazi zake: daraja lililobomoka, watoto wakichota maji kando ya kifaru, askari aliyelala amekumbatia viatu vyake.

Droo moja tu ilifungwa kwa ufunguo. Kidoti akiuliza, bibi hubadilisha mazungumzo: "Hebu futa dirisha, mjukuu wangu."

Shuleni walikuwa wakiandaa maonyesho ya picha hizo. Rafiki yake akamnong'oneza, "Eti picha nyingine za vita ni za kupangwa. Hiyo droo ina jambo!"

Tangu hapo moyo wa Kidoti haukutulia. Bibi akikohoa tu, yeye huona kuna linalofichwa.

Jumamosi iliyofuata, bibi alipokwenda kuoga, Kidoti alichukua ufunguo kwenye kikapu cha nyuzi, akafungua droo. Ndani mlikuwa na picha moja. Mwanamke ameketi juu ya kifusi, mtoto amelala mbele yake amefunikwa shuka. Mama ameinua mkono kuelekea kamera, macho yamemtoka kwa hasira. Babu alimfanya nini? Kidoti akaitia mkobani akamwonyeshe rafiki yake.

Hakufika mbali. Bibi alikuwa mlangoni, taulo begani.

"Na mkoba Jumamosi, unakwenda wapi?"

Kidoti alitaka kudanganya, akashindwa. Akaitoa picha. "Bibi, babu alimkosea nini huyu mama?"

Bibi akaketi kitandani taratibu. "Mwanawe aliuawa asubuhi ile. Babu yako alipopiga picha, mama akamwambia, 'Usiwaonyeshe watu mwanangu hivi.' Babu yako akamwahidi. Mhariri wa gazeti lake alimbembeleza, akamtishia kumfukuza kazi, lakini babu yako hakuitoa. Siku ile aliweka kamera chini, akasaidia kuchimba kaburi."

"Mbona hakuichoma?"

"Alisema akiichoma, atawasahau."

Machozi yalimlengalenga Kidoti. "Mimi nilidhani…"

"Ulidhani kwa sababu nilinyamaza, na hapo nimekosea. Lakini wewe nawe uliuuliza ufunguo kabla ya kuniuliza mimi."

"Nisamehe, bibi."

Kidoti akairudisha picha, akafunga droo, akamkabidhi bibi ufunguo kwa mikono miwili. Bibi akamvuta karibu.

"Kuwa na shaka si dhambi, mjukuu wangu. Ila mwenye shaka huuliza usoni, hafukui kisogoni. Na si kila kinachofichwa ni aibu. Kingine hufichwa kwa kumstahi mtu."