Fundi Aliyeondoka Bila Hamu

Lifti ya jengo la maduka ya vitambaa ilikuwa imeharibika, na ngazini watu walipishana kama siafu. Fundi, mshonaji wa magauni ya harusi, alipofika ghorofa ya tatu aliketi pale pale, majora mawili mapajani, pumzi zikimpaa. Watu wakamruka. Mwanamume mmoja hakumruka.

"Dada, unaumwa?"

"Naumwa ngazi."

Alicheka. Alikuwa mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wagonjwa, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alimbebea majora hadi ghorofa ya tano, akashuka na namba ya simu.

Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu mama yake afariki, miezi minane nyuma, maisha yake yalikuwa cherehani na kitanda, kitanda na cherehani. Dereva alipojua hakumhubiria. Alisema tu kwamba yeye huzunguka uwanja wa shule kila asubuhi, na amechoka kuongea peke yake.

Wakazunguka pamoja wiki sita, Fundi na suruali ya zambarau aliyojishonea.

"Malkia, umechelewa dakika nne."

"Malkia hachelewi. Ninyi ndio mnawahi."

Asubuhi moja alifika akamkuta Dereva amempa mgongo, simu sikioni. "Dada, namhurumia yule," alikuwa akisema. "Nitamwachaje?"

Kumbe! Fundi aligeuka akarudi nyumbani. Simu za Dereva hakuzipokea tena, na siku ya tatu zikakoma.

Siku ya tano aliamka mwili mzito kama blanketi lililoloweshwa. Saa tatu ilimkuta bado anatazama dari. Alijiambia ataamka saa tatu na nusu. Ikafika, ikapita. Simu ikaita, namba ngeni.

"Wifi, usikate!"

"Wifi wa nani?"

"Wangu. Mimi dada yake Dereva. Juzi mtoto mmoja alimfia njiani, wakikaribia lango la hospitali. Tangu hapo hajatoka chumbani. Hali, hasemi. Nimembembeleza nimeshindwa."

"Mimi ni wa kuhurumiwa tu. Muulize."

"Hayo mtagombana wenyewe. Mimi nakuomba uje."

Fundi aliweka simu kifuani, akangoja apate hamu ya kuinuka. Haikuja. Akavaa mguu mmoja wa suruali, akaketi. Akavaa wa pili, akaketi tena. Mwishowe aliondoka bila hamu hivyo hivyo. Kwenye mlima wa kwenda kwa Dereva alisimama mara mbili kuvuta pumzi, na mara zote mbili nusura arudi.

Dereva alikuwa kitandani, mapazia yamefungwa, ndevu zimemchipuka, sare ya kazi iko sakafuni.

"Nimechoka, Fundi."

"Hata mimi. Inuka tuchoke nje."

"Wewe si ulinikimbia?"

"Ulisema unanihurumia. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Dereva aliketi. "Nilisema. Dada aliniuliza kwa nini nahangaika na mtu mwenye majonzi, nikakosa ujasiri wa kutaja neno lenyewe. Siku ile ngazini nilikuhurumia kweli. Lakini huruma ingenitoa kitandani wiki sita? Fundi, mimi nilikuwa napiga pasi fulana ya mazoezi. Nani hupiga pasi fulana ya mazoezi?"

Fundi alitaka kununa, kicheko kikamtoroka. Akamrushia viatu.

Uwanjani walitembea polepole kama wazee. Kwenye kona ya pili Dereva alisimama.

"Alikuwa mwepesi," alisema. "Nilimbeba mwenyewe hadi ndani. Mwepesi mno." Akalia. Fundi hakumwambia anyamaze, maana yeye aliambiwa hivyo msibani na hakuwahi kusahau. Alimshika mkono tu, hata wanafunzi walipochungulia madirishani.

Walipomaliza mzunguko, Dereva alipangusa macho. "Kesho utakuja?"

"Sijui nitaamkaje kesho. Leo nusura nisiinuke."

"Nami sijui nitaamkaje."

"Basi nioe," Fundi alisema, akashtuka kujisikia. "Atakayeamka vizuri amwinue mwenzake."

Dereva alimkodolea macho. "Mpenzi, posa gani hii? Mimi sijanawa uso tangu juzi!"

"Bomba lile pale. Kanawe."

Akaenda. Alikaa sana bombani, ameinama, na Fundi akaanza kujutia ulimi wake. Kisha Dereva akarudi mbiombio, maji yakimchuruzika kidevuni hadi kifuani.

"Nimenawa," alisema, akitweta. "Sema tena."

Fundi akasema tena.