Mshono wa Kwapani

Asubuhi za Mwanamkisi zilifanana. Alifagia ua, akateka maji kisimani, akawatupia kuku mabaki ya wali, kisha akachukua ubao wake na kwenda chuoni kusoma Kurani. Kurudi kwake ndiko hakukufanana na kwa watoto wengine. Wenzake walipita pwani kuokota kome. Yeye alirudi mbio mpaka kwao mtaa wa Langoni, akavua makubadhi mlangoni, akapanda ngazi hadi ukumbini kwa bibi yake, Bibi Khairiya. Huko ilimngoja kazi aliyoipenda kuliko michezo yote, kazi ya sindano.

Hayo ni ya zamani, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwanamkisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Dada yake, Mahfudha, alikuwa ameposwa na Ridhwani, kijana mpole wa Shela, na harusi ilikuwa imekaribia. Siku ya kutolewa nje, bibi harusi angekaa mbele ya wanawake wa mji wamtazame kuanzia utosini hadi kwenye hina ya miguuni. Siku hiyo mabibi harusi wa ukoo wao huvaa kanzu ya hariri kutoka Pate.

Taabu ni kwamba kanzu yenyewe ilikuwa imezeeka. Ilifumwa na kushonwa huko Pate, zama za bibi wa huyo Bibi Khairiya, na waliivaa mabibi harusi wengi mmoja baada ya mwingine. Sasa ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, na mikunjo yake ilianza kukatika yenyewe. Isingeweza kuvaliwa tena. Kwa hiyo Bibi Khairiya alikata shauri kushona nyingine.

"Sitaki kanzu ya kufanana," alisema Bibi. "Nataka kanzu ile ile. Tutashona walivyoshona wao, si tunavyopenda sisi."

Basi kazi ikawa kuichunguza ile ya zamani. Bibi alikata vipande vya ukindu, kimoja sawa na urefu wa mkono wa kanzu, kingine sawa na upana wa kifua, kingine sawa na mzunguko wa shingo, akavitundika ukutani kwa mpango wake. Aliweka kidole juu ya mshono, akamwambia Mwanamkisi ahesabu ni tundu ngapi za sindano zinazoingia chini ya kidole hicho. Macho ya Bibi hayakuwa na nguvu tena. Ya Mwanamkisi yalikuwa makali kama ya kunguru.

Ami Famau, mtoto wa Bibi, alikuwa mshonaji mwenye duka sokoni. Alipopita kuwaona alicheka.

"Mama, nipe mimi. Cherehani itaimaliza kabla ya adhuhuri."

"Bibi yangu alikuwa na cherehani?" aliuliza Bibi.

"Hakuwa nayo."

"Basi nenda kanywe kahawa, Famau."

Jambo moja tu lilikuwa gumu, nalo ni rangi. Kanzu ilikuwa ya kahawia, kama maji ya kahawa yaliyomwagika juu ya kitambaa. Je, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo? Bibi aliagiza watu mpaka Pate wamlete dada yake mkubwa, Bi Barka, aliyeijua kanzu hiyo kabla yake.

"Kijani!" alisema Bi Barka kabla hata hajakaa. "Nimekuja ndia yote hiyo kukwambia ni kijani. Nilikuwa mtoto, nikalivuta pindo lake, nikapigwa kofi. Kofi lile silisahau."

"Kofi unalikumbuka, dada. Rangi je?"

"Kijani, nimekwambia."

Lakini Bibi hakuridhika. Hakuona uzi hata mmoja wa kijani. Mwishowe alisema, "Macho yangu yanaona kahawia. Nisichokiona siwezi kukishona." Akaamuru gome la mkoko liletwe, liroweshwe, lichemshwe, ili hariri nyeupe aliyoleta Ami Famau itiwe humo ipate rangi ya kahawia. Hariri ilikuwa moja tu, wala rangi ya mkoko ikishaingia haitoki.

Kanzu ya zamani ilikaa katika kasha, pamoja na karafuu na asmini iliyokauka. Amri ya Bibi ilikuwa moja: asiiguse mtu ila yeye mwenyewe awepo.

"Hasa wewe," Esha alimwambia Mwanamkisi. Esha alikuwa binti ya Ami Famau, mkubwa kidogo kwake, naye alipenda kutisha watu. "Wewe na vidole vyako vya kukuna nazi! Unajua kanzu ya harusi ikichanika kabla bibi harusi hajatoka, inakuwaje? Ni kisirani. Ndoa huvunjika. Au bwana harusi anapatwa na jambo."

"Muongo wewe."

"Haya, ichane uone."

Siku moja alasiri, Bibi alikwenda kutawadha. Kasha lilikuwa wazi. Mwanamkisi alikuwa akifikiri juu ya darizi ya shingoni, yale mapambo ya uzi: mafundi wale walificha wapi mafundo ya uzi? Kwa juu hayakuonekana. Alitaka kuona upande wa ndani tu, mara moja, kisha airudishe. Akaipakata kanzu mapajani, akapitisha mkono wake ndani ya mkono wa kanzu ili aigeuze.

Krrr.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayevunja jani kavu. Mwanamkisi aliganda. Akauchomoa mkono wake polepole, akainua kanzu kwenye mwanga. Kwapani, pale mshono ulipokutanisha mkono na mwili, hariri ilikuwa imeachana. Na ndani ya ule mchaniko palikuwa pekundu.

Pekundu kabisa. Kama kidonda.

Kanzu inatoka damu! Akasikia makubadhi ya Bibi ngazini, ta, ta, ta. Akaikunja haraka, kwapa likawa ndani, akairudisha chini ya karafuu, akafunika kasha. Bibi alipoingia, alimkuta amekaa kwenye busati na sindano mkononi, sindano isiyo na uzi.

"Mbona umetota jasho, mwanangu?"

"Joto, Bibi."

Tangu saa hiyo Mwanamkisi hakuwa na raha. Kila kasha lilipolia bawaba zake, aligeuka kutazama. Bibi alipotaka kupima kitu kwenye kanzu, yeye alikuwa wa kwanza kuishika, akaliziba kwapa kwa kiganja. Bibi akamsifu, "Angalia anavyoishika kwa adabu!" Sifa ile ilimchoma kuliko fimbo.

Kisha habari ikaja kutoka Shela. Mama alikuwa jikoni akizungumza na jirani, na Mwanamkisi alisikia kupitia dirishani: "Maskini Ridhwani, ana homa. Jana kutwa hakuinuka."

Mwanamkisi alishika ukuta. Basi ni kweli! Amemuua shemeji yake kwa mchaniko wa kwapani. Alimtazama Mahfudha aliyekuwa akichambua mchele huku akiimba, akaona kwamba dada yake hajui, na asiyejua anaimba. Akakimbilia darini, akajifunika leso gubigubi, akasoma sura zote alizozihifadhi chuoni, tena na tena.

Asubuhi iliyofuata nyumba nzima ilikuwa ikisafishwa kwa ajili ya harusi. Mahfudha na Mwanamkisi walilisukuma lile kasha kando ili waukunje mkeka mkubwa wa ukumbini. Mwanamkisi akasimama akiutazama.

Mkeka wote ulikuwa umepauka, rangi ya majani makavu. Lakini pale kasha lilipokuwa limekaa miaka na miaka, palikuwa na miraba ya zambarau na nyekundu iliyowaka kana kwamba mkeka umeletwa jana.

"Dada, kwa nini hapa pana rangi?"

"Kwani unadhani mkeka ulizaliwa mzee?" Mahfudha alicheka. "Wote ulikuwa hivyo. Jua limekula rangi. Hapo chini ya kasha halikufika."

Mwanamkisi aliinama, akaugusa mkeka. Jua halikufika chini ya kasha. Wala ndani ya mshono halikufika.

Haikuwa damu. Ilikuwa rangi!

Alipumua kama mtu aliyetolewa majini. Lakini pumzi hiyo haikudumu, kwa sababu harufu ya mkoko ilikuwa ikipanda kutoka uani. Chungu kilikuwa kinachemka. Leo ndiyo siku ya kutia hariri rangi, na nyumba nzima hakuna ajuaye ila yeye kwamba kahawia si rangi ya kanzu ile. Akinyamaza, Bibi atashona kwa mkono tundu baada ya tundu kanzu ya uongo, na uongo huo utavaliwa na mabibi harusi wa ukoo wao milele. Akisema, ataulizwa: umejuaje?

Alishuka ngazi. Uani, chungu kilitoa moshi. Bi Barka alikuwa kwenye kigoda, amenuna. "Kijani," alikiambia chungu, maana watu walikuwa wamechoka kumsikiliza. Bibi Khairiya alikuwa amesimama na hariri nyeupe mikononi.

Mwanamkisi alifungua kinywa. Akakifumba. Alijiambia: nikinyamaza, hakuna atakayejua, kanzu ya zamani itafungiwa kashani pamoja na mchaniko wake. Bibi alisema "Bismillahi", akainama, ncha ya hariri ikafika kwenye mvuke.

"Bibi, usitie!"

Sauti ilitoka kali hata kuku wakaruka. Bibi aliirudisha hariri kifuani. "Una nini, mtoto?"

"Si kahawia, Bibi. Ilikuwa nyekundu. Nimeona ndani ya mshono." Akaanza kulia. "Niliichana. Nilitaka kuona mafundo ya darizi, nikatia mkono, ikachanika kwapani, nikaificha. Na Ridhwani ni mgonjwa kwa sababu yangu!"

Bibi alimpa Mahfudha, aliyekuwa ameshuka nyuma ya mdogo wake, hariri aishike, akapanda ngazi taratibu, akarudi na kanzu, akaketi mahali penye mwanga. Aliikunjua. Alipoufikia mchaniko alifumba macho kidogo. Kisha Bibi akachomoa sindano kwenye mtandio wake wa kichwani, na kwa ncha yake akaugeuza mshono uliokuwa umefungwa miaka yote hiyo.

Humo ndani hariri ilikuwa nyekundu kama punje za komamanga.

"Lo," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Niliolewa nayo. Niliivaa mwilini mwangu. Wala sikupata kuiona."

Bi Barka alisogeza uso karibu, akatazama sana. "Basi," alisema, "labda kijani kilikuwa kilemba cha yule aliyenipiga kofi."

Mahfudha alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alimvuta mdogo wake. "Na wewe, nani kakwambia kisirani? Esha? Kama ndoa yangu imefungwa kwa uzi wa kwapani, basi na ifunguke! Ridhwani alikula pweza aliyelala, tumbo likamharibikia. Hivi leo yuko barazani anaitisha uji."

Ami Famau alipewa ujumbe mbio, akaenda dukani kwa Bwana Jeilani, muuza rangi, akaleta rangi nyekundu. Chungu cha mkoko kikamwagwa. Walijaribu rangi hiyo kwanza kwenye kipande kidogo cha hariri, wakakilinganisha na mshono mara kadhaa, mpaka Bibi akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mwanamkisi alidhani yamekwisha. Jioni Bibi alimwita, akampa sindano na uzi, na ile kanzu ya zamani.

"Zungushia kingo za mchaniko usiendelee. Lakini usiuzibe. Uache wazi."

"Uonekane, Bibi?"

"Uonekane. Atakayeshona baada yetu asihangaike kama sisi."

Bibi alimngoja mpaka akatunga uzi, kisha akasema, "Kwa rangi nimefurahi. Lakini kwa kunificha hukunifurahisha. Hariri hii ilikuwa imechoka, ingechanika hata mikononi mwangu. Ungeniambia saa ile ile, tungeulizana, na usingebeba peke yako ugonjwa wa mtu aliyekula pweza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kanzu mpya hutaigusa mpaka nione umenyoosha mshono huo."

Aliunyoosha. Ilimchukua muda, lakini mwishowe darizi ya shingoni ilishonwa na wao wawili, na mafundo yote yakafichwa ndani. Siku ya kutolewa nje, Mahfudha aliketi juu ya kiti kirefu amevaa nyekundu ya komamanga, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka Esha akaziba masikio. Wanawake wazee wachache wa Pate waliigusa kanzu, wakawa wanapangusa macho.

Mwanamkisi alikuwa ameketi chini, karibu na miguu ya Bibi. Bibi alimwinamia sikioni.

"Unaiona rangi hiyo? Imetoka pale ulipoogopa kuonyesha. Siku nyingine ukiharibu kitu, mwanangu, na woga ukakwambia uzibe, njoo nacho vivyo hivyo kilivyo, na chozi lako, kabla chungu hakijachemka."