Anayesukuma Hubebwa

Lori la Kitheka lilianza kusogea, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa katikati ya soko la Kalamba, jua la adhuhuri likimchoma utosi, akiwabembeleza watu aliozoea kuwadharau. Betri ya lile gari kuukuu ilikufa zamani, na Kitheka, kwa ubahili wake, hakununua nyingine. Aliegemea migongo ya watu. Kanuni ya hapo kila mtu anaijua: anayesukuma hubebwa bure, na akifika kwake hugonga paa la kabini ashushwe. Lakini Kitheka, injini ikishika tu, hukanyaga mafuta na kuwaachia vumbi, akiwacheka kwenye kioo. Jeuri ya aina gani hiyo?

Siku hiyo mkewe, Kanyiva, alikuwa kwenye kabini, uchungu wa kuzaa umembana na mtoto amekaa vibaya. Jirani yao Mwongeli, mama wa kanisa aliyezalisha wengi, alikuwa amemshika mkono. Alishasema wazi kwamba wakichelewa kufika hospitali, watawapoteza wote wawili.

"Sukuma mwenyewe," alisema Nzuki, muuza makaa, bila hata kuinuka.

"Nzuki, ndugu yangu, bibi yangu atakufa."

"Si hata mwezi jana alikuwa anakufa? Tukasukuma, ukatuacha hapa kama wajinga."

Watu wakaguna. Mwongo hata akisema kweli, nani atamsikiliza? Kitheka akarudi kwenye usukani, akaachilia breki, akapiga kelele dirishani: "Yeyote atasukuma, nitambeba mpaka pale anataka!"

Ndipo lori likasogea. Alitazama kioo, akaona vumbi tu, na Nzuki amesimama sasa, anarudi kinyumenyume. Kitheka akatia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikashika. Hakuuliza. Mwenye shida huuliza nini?

Walipoliacha soko, kabini ikajaa harufu ya betri inayochemka, ile ya mayai viza, ingawa betri yenyewe haikuwa na uhai wa kuchemka. Lori lilikuwa tupu, lakini lilipanda kilima likikoroma kama limejaa mchanga, na nyuma ya kiti kitu kilikuwa kinakwaruza bati, polepole, kikienda pale mgongo wa Kanyiva ulipo na kutulia hapo.

"Umebeba nani?" Kanyiva alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Yuko hapa mgongoni. Anaongea na mtoto. Anamwambia atoke, amekuja kumchukua."

Mwongeli akakatiza maombi yake. "Kitheka, hii ni aimu. Ni jini. Umemwahidi kumfikisha anapotaka, na anataka kufika pale mtoto anazaliwa. Hatashuka kabla ya kugonga. Akigonga, usisimame."

"Na Kanyiva atashuka aje?"

"Tutashukia pale chini, kabla ya kufika hospitali. Kabla hajagonga."

Penye kona ya wauza matunda, Kitheka alisimamisha lori, mguu mmoja kwenye mafuta injini isizime. Wanawake wa pale wakakimbia na leso, wakambeba Kanyiva juu juu, Mwongeli nyuma yao. "Na wewe?" Kanyiva alimwuliza mumewe. Kitheka alimpenda sana mwanamke yule, na hakuwahi kumwambia. "Enda," ndilo neno pekee lililomtoka.

Alipolifikia lango la hospitali, paa likagongwa.

Hakusimama. Likagongwa tena, kwa nguvu, bati likabonyea juu ya kichwa chake, naye akaendelea kukanyaga mafuta akielekea upande wa mji wa Sultan Hamud, machozi yakimtoka, vile vishindo vikimfuata mteremko hadi mteremko, na katikati ya kila kishindo akisikia sauti nyembamba, ya upole kabisa, ikimkumbusha kwamba aliahidi, aliahidi mwenyewe, mchana, mbele ya watu, mpaka mshale wa dizeli ukalala na injini ikakohoa na kuzima mahali tambarare pasipo na nyumba.

Kukawa kimya. Simu ikaita. Alikuwa Mwongeli.

"Msichana," alisema, akihema. "Mama yuko sawa. Bwana asifiwe. Huyo mgeni ameshuka?"

 Mbele ya Kitheka, boneti ilikuwa inabonyea sehemu mbili, upana wa viganja, na hakuna aliyesimama pale. Lori likaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akavuta ya mkono hadi mwisho, matairi yakakwama yakakataa kuzunguka, na bado lilikuwa linaburutwa kinyumenyume juu ya lami, likiielekea hospitali, na kasi ikiongezeka.

"Mwongeli," alinong'ona, "mtoe mtoto hapo. Mtoe sasa hivi."