Vidato Vinne vya Mwisho

Kwa kuchagua mahali pa kulala, hapa Arbroath, Scotland, hakuna aliyemzidi Senga Petrie. Msinibishie. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, na kwa harufu ya supu yake tu nakutajia leo ni siku gani. Watu wengine husoma maoni ya wageni kuanzia juu, wakakuta sifa tupu. Senga huanzia chini kabisa, kule wanakojificha wenye hasira.

Basi Jumanne moja ya Februari alikaa jikoni na mdogo wake, Una, simu katikati, chai pembeni, wanatafuta malazi ya siku mbili Edinburgh. Senga alikuwa anatimiza miaka sitini.

Hoteli ya karibu na stesheni Una aliipenda kwa sababu ya lifti. Senga akasema vyumba vile ni vya kuhifadhia miavuli. Nyumba ya wageni ya Newington ilikuwa na uji wa shayiri kila asubuhi na masharti ukutani, mpaka namna ya kufunga bomba.

"Mume nilimwacha kwa masharti machache kuliko hayo," Senga akasema.

Ya tatu ikawa nyumba ya juu kabisa katika jengo kuukuu la mawe, kule Leith, bandarini. Ghorofa nne, lifti hakuna. Hapo macho ya Senga yakalegea, maana wao wawili walizaliwa kwenye jengo la namna hiyo hiyo, Dundee.

"Vidato sitini na nne, dada? Na goti langu hili?"

"Goti lako linauma kwenye kazi tu. Kwenye dansi linapona."

Kule chini ya maoni kulikuwa na sentensi mbili za mgeni mmoja: *Nyumba nzuri. Kinachoning'inia mlangoni msikiguse.*

Senga alicheka mpaka chai ikamwagika. "Huyu lazima ni mtu wa London. Kadi ya zamu haijui!"

Majengo yale yana kadi yenye uzi, inatembea kutoka kitasa hadi kitasa. Ukiikuta kwako, wiki hiyo ngazi za jengo zima unaosha wewe, kisha unamtundikia jirani. Mama yao, zamu ikimfikia, alikuwa akiosha Ijumaa kwa maji baridi, halafu anachora mstari wa chaki ukingoni mwa kila kidato. Alikuwa akisema kadi ikilala mlangoni, aibu imelala kitandani.

Waliikodi hiyo ya Leith, na siku ya safari wakafika saa saba mchana. Ukungu wa bahari ulikuwa umekalia mapaa. Ufunguo waliutoa kwenye kisanduku cha namba kando ya mlango wa mtaani, wakapanda, Una akihesabu vidato kwa sauti huku akiwataja watakatifu. Juu kabisa palikuwa na milango miwili inayotazamana, na juu ya milango, kwenye paa, dirisha la vioo lililokuwa jeupe kwa ukungu.

Kwenye kitasa cha mlango wao ilining'inia kadi. Uzi wake ulikuwa mweusi kwa mikono ya watu. NI ZAMU YAKO KUOSHA NGAZI.

"Usiiguse," Una akasema. "Yule aliandika."

"Yule wa London?"

"Dada, sisi wageni. Tumekuja kula, kunywa na kununua vitu tusivyovihitaji."

"Mama angekuona."

"Mama alishakufa na ndoo yake."

"Na zamu alizokupangia wewe, zote nilikuoshea mimi."

Una alicheka, akavaa glavu zake za kijani, akashuka kutafuta pai za moto. "Nikirudi nikukute umekaa kitako kama mwenye sikukuu yake!" Mlango wa mtaani ukajibamiza.

Senga akaichukua kadi, akaitia mfukoni mwa sweta.

Chini ya sinki alikuta ndoo, brashi, tambara na kipande cha chaki. Tambara lilikuwa limelowa. Lilikuwa na vuguvugu pia, kama lililotoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

Aliosha alivyofundishwa. Unapiga magoti, unashuka kinyumenyume, kidato baada ya kidato. Aliuacha mlango wazi, sanduku lake jekundu limesimama pale ndani, akaanza huku akiimba. Ghorofa ya nne. Ya tatu. Ya pili. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mtoto aliyelia, hakuna redio. Alipofika kidato cha sitini alihisi baridi ya mtaani mgongoni. Vimebaki vinne. Akakamua tambara, akainua kichwa.

Sanduku jekundu lilikuwa mbele yake.

Mlango wake. Kitasa chake. Dirisha la vioo juu ya utosi wake. Na kidato alichopigia magoti kilikuwa cha kwanza kabisa. Kikavu. Kina vumbi, kama hakijaguswa.

Senga si mwanamke wa kupiga kelele. Alisema, "Nimezeeka," akashika ukingo wa ngazi, akashuka kwa miguu, haraka, akihesabu. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini.

Sanduku jekundu.

Akashuka tena, amefumba macho. Sitini. Akafumbua. Sanduku. Akatazama juu. Dirisha lile halikuwa limesogea hata shubiri.

Chini mlango ukajibamiza. "Dada! Pai hizo, zinapoa!"

"Una!" Aliinama kwenye ukingo. Mbali huko chini aliiona glavu ya kijani ikipanda, ikiteleza juu ya mbao ya ukingo. Ikazunguka kona. Ikazunguka tena. Hatua zilisikika kabisa, tap, tap, goti likilalamika. Glavu haikukaribia.

"Hizi ngazi zimeongezeka?" Una akauliza akihema. "Mbona sifiki?"

"Simama hapo hapo! Rudi nyuma kidogo. Mlango wa mtaani unauona?"

"Naona. Si huu hapa nyuma yangu. Umepatwa na nini wewe?"

Kwake Una mlango ulikuwepo. Kwake Senga haukuwepo.

Nyuma yake kitu kikalia, kwa ulaini. Ni kibati kinachofunika tundu la kuingizia barua, kwenye mlango wa jirani unaotazamana na wake. Kilikuwa kimeinuliwa kutoka ndani. Vidole vinne vilijitokeza. Vyeupe, vimekunjamana, kama vimekaa majini miaka.

"Mpe kadi," sauti ikanong'ona. Sauti ya mwanamke, ya heshima, ya Leith kabisa.

"Nimpe nani?"

"Aliye chini. Mdondoshee tu. Akiishika, ngazi zako zinakwisha."

"Na yeye?"

"Yeye atakuwa na kazi."

Senga akauliza, "Wewe ulimpa nani?"

Vidole vikajikunja.

"Sikuwa na mtu wa kumpa."

Mkono wa Senga ulikuwa tayari mfukoni. Aliniambia mwenyewe, na mtu haongopi jambo la kumwaibisha. Aliitoa kadi. Aliinyoosha juu ya shimo la ngazi. Una aliona kitu cheupe kule juu, akanyanyua glavu yake. "Ni nini hicho? Kitupe nikidake!"

Vidole viwili vya Senga vilikuwa vimeshika uzi. Viwili tu.

"Zamu zote niliosha mimi," Senga akanong'ona. "Zote."

"Sikusikii, dada!"

"Nimesema usidake kitu!" Akairudisha mfukoni.

Ndipo akaitazama ndoo. Maji yalikuwa meusi. Mtu anaweza kupotezwa na ngazi, akafikiri, lakini maji yanajua chini ni wapi. Ila kumwaga maji machafu juu ya ngazi alizoziosha kwa magoti yake! Mama yake angemkana. Hilo lilimtisha kuliko vile vidole.

Akaipiga ndoo teke.

Maji yakaruka, yakashuka kidato kwa kidato. Senga akayafuata. Macho kwenye maji. Hakuhesabu. Hakutazama mlango. Hakutazama juu. Nyuma yake kibati kilianza kupiga, kak, kak, kak, na sauti ikasema bila kupanda, "Hujamaliza." Maji yakapinda, naye akapinda. Maji yakaingia gizani, naye akaingia. Yakafika kwenye kiatu cha Una, naye akamgonga Una kifuani, pai zikaruka, wote wawili wakatokea mtaani kwenye ukungu, wakaanguka.

Walilala kwenye hoteli yenye lifti. Sanduku hawakulirudia; kadi ilibaki mfukoni mwa sweta. Una hakusema "nilikwambia" hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba aliogopa kweli.

Jumatatu mwenye nyumba akaandika maoni yake juu ya mgeni, kama wanavyofanya. *Senga ni mgeni msafi. Amebakisha vidato vinne.*

Nyumba zetu hizi ni za chini, pacha, na kila moja ina kidato kimoja tu mlangoni. Ijumaa ile cha Senga kikawa viwili. Ardhi haikudidimia, nyumba haikuinuka. Mleta barua alilalamika. Ijumaa iliyofuata vikawa vitatu, halafu vinne, vya jiwe jeusi la kale, vimelika katikati. Una akamsihi asiviguse. Senga akasema hawezi kulala.

Jana mchana nilimwona kwa dirisha, amepiga magoti, anashuka kinyumenyume na ndoo. Alimaliza vyote vinne, akachora chaki. Akasimama, akajishika kiuno, akacheka kama msichana. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikamwona anatia mkono mfukoni mwa sweta, anageuka huku kwangu, kwa adabu ileile aliyofundishwa na mama yake.

Leo asubuhi nimechungulia. Kwake kimebaki kimoja, kikavu, kama zamani.

Vya kwangu sijahesabu. Mlango sijaufungua tangu jana.